Vidole vya Mpima

Kofi la kwanza la Mpima nililipata siku ya tatu ya kazi. Nilikuwa nimechomoa waya wa kompyuta yake ukutani ili nichaji simu yangu. Sikumwona akija. Niliona tu ukuta wa upande wa pili umesogea karibu na uso wangu, halafu nikasikia sauti yake, tena ya upole kabisa, ikiniuliza kama simu imeshajaa. Nilimaliza chuo Mbeya mwaka ule, nikiwa na cheti na kiburi cha kutosha wilaya nzima, na sikuwa nimepigwa tangu darasa la saba. Nilitaka kuacha kazi. Mama yangu aliponiuliza nimepigana na nani hadi nimerudi na shavu jekundu, niliona aibu kusema ni mzee wa miaka sitini na kitu, kwa hiyo kesho yake nikarudi.

Alizaliwa wapi na wazazi wake ni akina nani, waulizeni wengine. Mimi nilimjua akiwa mpima ardhi mstaafu, na watu wa Kyimo, Ikuti na Masukulu, wakubwa kwa wadogo, walimwita Mpima, hata mke wake. Kata zile tatu zilikuwa zimemwomba awachoree ramani za mashamba yao, kila mpaka, kila kona. Huku kwetu Tukuyu ardhi ni kidogo na watu ni wengi. Migomba ya mtu inainamia chai ya jirani yake, na hatua moja ya udongo inatosha kumtoa mtu roho. Nimeona kidevu kilichopasuliwa kwa jembe kwa sababu ya mstari wa viazi mviringo. Kwa hiyo ramani ile haikuwa karatasi ya kupamba ofisi.

Programu ya kuichora ramani aliitengeneza mwenyewe, kwa miaka kumi na mmoja, akijifunza kwenye vitabu vilivyolowa mvua. Ilikuwa programu ya kuwekwa ndani ya mashine, inakaa humo na kumbukumbu zake zote, haitaki intaneti wala haimjui mtu wa nje. Unaifungua, na kabla hujakaa vizuri kitini shamba zima liko mbele yako. Unashika kona ya shamba kwa mausi, unaivuta, mstari unafuata mkono. Unachomeka kipimo cha setilaiti kwa waya, nukta zinaingia zenyewe. Nasema haya nikiwa mtu niliyeiua programu ile, kwa hiyo sina sababu ya kuisifia bure.

Aliyetaka kuugusa ubishi wa programu za ndani ya mashine na zile za mtandaoni mbele yake, alitakiwa kukaa karibu na mlango. Alikuja mtu mmoja kutoka Mbeya, tai shingoni, kutuonyesha ramani inayofunguka kwenye brauza, yaani mahali palepale mtu anaposomea habari za mpira. Huhitaji kuweka chochote kwenye mashine, akasema, wote mnaona kitu kimoja, mkirekebisha hapa Tukuyu, na ya Masukulu imerekebishika. Nje mvua ilikuwa inashuka kama kawaida yake. Ukurasa ukaanza kufunguka. Ukaendelea kuanza. Yule bwana akatabasamu, akasema ni suala la dakika. Mpima alisubiri dakika nne kwa saa yake ya mkononi, akainuka, akamshika tai, akamvuta ngazi zote hadi barabarani na kumwacha amekaa kwenye tope na kompyuta yake mapajani.

"Panga halisubiri mtandao," alimwambia.

Lilikuwa neno lake hilo. Alilisema kanisani, alilisema sokoni, na siku moja alimwambia daktari wa meno. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa upande wa yule mwenye tai. Nilikuwa ninaijua kasoro ya mashine zetu kwa makalio yangu mwenyewe. Kwa kuwa kila kata ilikuwa na kompyuta yake na kila kompyuta ilikuwa na ramani yake ndani, mabadiliko yote yaliingizwa kwanza Tukuyu, halafu kila Ijumaa nilipanda bodaboda na flashi mfukoni, Kyimo, Ikuti, Masukulu, nikiiwekea kila mashine ya kata yale ya wiki hiyo. Kabla sijafika, Ikuti walikuwa wanaangalia ardhi ya wiki iliyopita. Siku moja tuliteleza mimi na dereva hadi kwenye shamba la chai, pikipiki juu yetu. Nilirudi ofisini nachuruzika damu gotini. Mpima aliuliza kwanza kama flashi imelowa. Nilipomwambia ni kavu, alimpiga dereva ngumi ya kifuani kwa kuendesha ovyo, ndipo akaniletea maji ya moto na chumvi, akaniosha kidonda mwenyewe, akikisugua kana kwamba ananiadhibu.

Msidhani alikuwa anapiga tu. Alikuwa na mpango wake katika kupiga. Ugomvi wa mpaka ukimfikia, aliwaita wagomvi wote wawili shambani, akampa mmoja mwanzo wa tepu ya kupimia na mwingine mwisho wake, wakatembea nayo mpaka mzima, kona hadi kona, majirani wakiwa nyuma yao. Yeyote aliyeiachia tepu kwa hasira alichapwa mgongoni kwa fito ile nyekundu na nyeupe ya kupimia, awe mzee wa kanisa, awe mwenyekiti wa kitongoji. Alisema watu wawili wakivutana tepu kwa saa nzima, mikono inachoka na haitamani tena kushika kitu kingine. Nilimwona akimchapa mwanaume mwenye watoto kumi, na mwanaume yule akaiokota tepu huku analia, wakamaliza. Mpaka ule haujawahi kuguswa tena.

Na akishakupiga, haombi msamaha. Kesho yake utaamka ukute mkungu wa ndizi mlangoni, umefunikwa jani. Mji mzima ulijua maana yake. Watu walikuwa wanapima uzito wa kipigo kwa ukubwa wa mkungu, na yule fundi seremala aliyeng'olewa jino kwa kuiba fito za bikoni, zile alama za mpaka, alikula ndizi wiki mbili. Mimi wangu wa kwanza ulikuwa mdogo. Mama alipoupokea alisema kumbe hata hukupigwa vizuri.

Jambo la kuchekesha ni simu yake. Mtu huyu aliyeilaani brauza hadharani alikuwa hawezi kula chakula cha mchana bila kutazama kwaya mtandaoni. Kifurushi kikiisha anakuwa mkali kuliko njaa. Nilimwambia siku moja, Mzee, hii nayo ni intaneti. Akanijibu kwamba kwaya ikikatika katikati hakuna anayekatwa kichwa. Tulibishana hivyo karibu kila siku kwa miaka mitatu. Nikimwambia tungeweka ramani moja tu, mahali pamoja, kila kata ikaitazama hiyo hiyo, ananiuliza na mawingu yakifunga? Nikimwambia basi kasi yake ni nzuri lakini nakala zinapishana, anasema nakala hazipishani kama mtu anafanya kazi yake ya Ijumaa. Ndilo jibu lililokuwa linaniudhi kuliko yote, kwa sababu lilikuwa linanihusu mimi.

Sasa nafika Ikuti, na hapa sitajificha.

Walikuwepo ndugu wawili, kaka na mdogo wake, wameachiwa shamba na baba yao. Katikati yake kulikuwa na kipande chembamba chenye migomba, na kwa miaka ramani ilikionyesha ni cha kaka. Wiki mbili kabla ya siku ninayoisimulia, mbele ya wazee na mbele ya Mpima, kaka alikubali kumwachia mdogo wake. Walitia sahihi Tukuyu, mstari ukasogezwa kwenye kompyuta ya Tukuyu, nami nikapewa flashi niipeleke. Ijumaa ya kwanza sikwenda, niliumwa tumbo, na Mpima alinielewa. Ijumaa ya pili tulikwenda pamoja ili tukaweke bikoni na kuwaonyesha majirani mpaka mpya.

Mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyoacha. Watu walikuwa wamesimama chini ya majani ya migomba, wamelowa, wamechoka kusubiri. Kompyuta ya kata ilikuwa na chaji ndogo. Kuweka mabadiliko kulikuwa kunachukua robo saa, na programu haifunguki wakati huo. Mpima alikuwa kwenye kona ya mbali anaweka tepu mikononi mwa wale ndugu. Akapaza sauti kuniuliza kama nimeshaweka mabadiliko ya Tukuyu. Flashi ilikuwa mfukoni mwangu. Niliona watu wananitazama, nikasikia baridi, nikaona kama robo saa ni mwaka.

"Ndiyo, Mzee," nikasema.

Nikaifungua ramani kama ilivyokuwa. Ikafunguka haraka, kama kawaida yake. Mstari wa zamani, mwekundu, umepita upande wa mdogo, na kipande chote cha migomba kikiwa ndani ya jina la kaka. Watu waliokuwa karibu nami wakasoma, wakaanza kunong'ona, na maneno yakamfikia kaka kabla sijafunika kioo. Aliiachia tepu. Sijui alikuwa amekubali kwa moyo au kwa aibu ya wazee, lakini sura yake niliiona ikibadilika, sura ya mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Mnaona? Hata kompyuta imekataa," alisema.

Akachomoa panga kiunoni na kuanza kuikata migomba ya mdogo wake. Ule wa kwanza ukaanguka na mkungu wake mchanga. Wa pili.  Mdogo alikwenda kwenye ukingo, akachukua panga lake lililokuwa limechomekwa ardhini, akarudi anatembea tu, na alipomfikia kaka yake alimkata begani, panga likashuka hadi kifuani. Sauti ile ni sauti ya mgomba unaokatwa, haina tofauti, na ndiyo sababu mpaka leo sipendi kukaa shambani watu wakivuna. Akainua mara ya pili. Hapo Mpima alikuwa ameshafika, anakimbia na miaka yake yote, akaingia katikati na kulidaka lile panga kwa mkono wa kulia.

Vidole vitatu vilibaki kwenye majani. Kwa mkono uliobaki alimpiga yule mdogo ngumi moja ya taya, akamlaza. Kisha akakaa chini kwenye tope, akaushika mkono wake katikati ya mapaja, akaniambia nifunge kompyuta isilowe.

Kaka hakufa. Alilala hospitali miezi, na mkono wake wa kushoto haunyanyuki. Mdogo alichukuliwa na polisi. Lakini watoto wa kaka, vijana wanne wenye nguvu, na binamu zao, walizunguka Ikuti nzima wakiuliza swali moja tu: nani alileta ramani ya uongo. Walivunja mlango wa ofisi ya kata. Walimpiga karani hadi akakojoa damu, na karani hakuwepo hata siku ile. Mimi nilikuwa nimejifungia kwa mama yangu. Flashi niliitupa chooni.

Baada ya siku tisa ukaitishwa mkutano wa kata zote tatu pale Kyimo. Wale vijana walikaa mstari wa mbele wamevaa makoti marefu, na hakukuwa na baridi ya makoti. Mpima alikuja na mkono umefungwa bandeji kubwa. Nilikaa nyuma karibu na dirisha. Mwenyekiti akauliza: mstari ulisogezwa Tukuyu, kila mtu alishuhudia, kwa nini Ikuti ulionekana wa zamani?  Mpima alisimama.

"Programu yangu ina kasoro," alisema. "Ilikataa kupokea mabadiliko. Nimeitengeneza mimi, hakuna mwingine wa kuulizwa."

Watu waligeukiana. Mtu aliyepiga watu kwa miaka kuilinda programu ile alikuwa anaitukana mbele yetu. Niliamini kwamba amedanganyika, kwamba kweli anafikiri mashine ndiyo iliyokosea, na nasema wazi, nilishukuru.  Wale vijana walimfuata nje. Walimpiga kwa magongo na kwa mateke mbele ya ofisi, mzee mwenye vidole viwili mkono mmoja, na mimi niliona nikiwa dirishani. Mpima, ambaye angeweza kumlaza yeyote kati yao hata kwa mkono wa kushoto, alishusha mikono na hakuinyanyua mpaka wazee walipowatawanya. Ndani, mkutano uliamua ramani iende mtandaoni. Wakauliza nani anaweza kuitengeneza. Nilinyoosha mkono.

Niliitengeneza. Ramani moja, mahali pamoja, inafunguka kwenye brauza Kyimo na Masukulu kwa wakati mmoja, mstari ule ule. Hakuna tena safari za Ijumaa. Nilisifiwa, nikapewa kuku. Ikaja masika ya kwanza. Masukulu mtandao ukazima siku mbili, na katika siku hizo majirani wawili, mama mmoja na shemeji yake, walitaka kuuona mpaka wao. Nilikuwa nao, nimekazana kubonyeza, ukurasa mweupe. Walianza kwa matusi, wakahamia kwenye mawe, na jiwe moja lilinipata mdomoni mimi niliyekuwa katikati. Meno mawili ya mbele mnayoyaona si ya kuzaliwa. Nilipokuwa natema damu kwenye ngazi za ofisi nilisikia maneno ya Mpima kuhusu panga, na sikuwa na wa kubishana naye tena, kwa sababu tangu mkutano ule alibaki nyumbani kwake hukohuko Masukulu, mjini haji tena.

Nikaona lazima yangu nayo ihifadhi nakala ndani ya mashine, mtandao ukizima ifungue hiyo, na juu yake iandike kwa herufi kubwa nakala hiyo ni ya siku gani, ili mtu asiapie kitu kilichopitwa na wakati. Sikujua nianzie wapi. Nikaifukua programu ya Mpima kwenye kompyuta za zamani za kata, nikaanza kusoma alivyoiandika, mstari kwa mstari, kwa wiki nzima. Nikakuta alishafikiria yote hayo kabla yangu. Kila mara mashine ilipowekewa mabadiliko, programu ilijiandikia siku na saa, pembeni, kwenye faili dogo ambalo mtumiaji halioni. Nikalifungua lile la Ikuti. Ijumaa zangu zote zilikuwa zimepangwa pale, na siku ile ya damu haikuwepo.

 Faili lile lilikuwa limekaa pale muda wote huo, na mwenye kulijua alikuwa mtu mmoja tu.

Nilikwenda kwake Masukulu asubuhi. Nilimkuta uani kwake anapasua kuni kwa shoka, kwa mkono wa kushoto, gogo akiwa amelikanyaga. Amezeeka, lakini shoka lilikuwa linaingia. Mkewe alinipa kiti, sikukaa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Gwe mwana, wewe mtoto, meno umeyafanya nini?"

Nikamweleza habari ya mawe. Alicheka kidogo, akapasua kuni nyingine. 

"Mzee, siku ile Ikuti sikuwa nimeweka ya Tukuyu. Uliniuliza, nikakudanganya."

Aliinua shoka, akalishusha. Gogo likaachana vipande viwili.

"Najua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu hospitali. Niliagiza ile kompyuta ya Ikuti, wakaniletea kitandani. Nilifungua kwa mkono huu nisiouzoea, nikasoma."

"Sasa mbona mkutanoni ulisema ni programu?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike, kwa hasira ile ile ya zamani.

"Wale vijana walikuwa na mapanga ndani ya makoti. Ulitaka nitaje jina lako?"

Nililia. Sikulia kwa staha. Nililia mbele ya mkewe na kuku wake, nikasema nisamehe, nikasema nitakwenda Kyimo niwaambie wote, nikasema mengi. Mpima alilaza shoka juu ya kuni, akafuta kiganja kwenye suruali, akanijia. Akanipiga kofi la mkono wa kushoto, zito, sikio likavuma, nikayumba hadi kwenye kiti.

"Hilo la programu yangu," alisema.

Nikajiweka sawa, nikasimama palepale mbele yake, nikishusha mikono, nikisubiri la vidole.  Aliokota shoka lake akarudi kwenye kuni.